Udongo wa Mholanzi

Watu wetu walikuwa wakilivulia kofia lile jiwe. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Guangzhou, nasoma Kichina kabla ya kuruhusiwa kuanza shahada yenyewe, na siku za Jumamosi nilikuwa nawatafsiria wafanyabiashara wa kutoka nyumbani waliokuja kununua nguo soko la Shisanhang. Tunashuka kwenye basi, tunakata uchochoro wa maduka ya vifungo, ubishi umepamba moto kuhusu jinzi za juzi zilizochuja rangi, halafu tukifika pale konani, ghafla kimya. Kofia zinavuliwa. Mama mmoja wa Mbeya alikuwa anafanya ishara ya msalaba bila hata kupunguza mwendo. Tukishalipita jiwe hatua tano au sita, ubishi unaendelea pale pale ulipoachwa.

Lilikuwa jiwe la kijivu linalonifika kiunoni, limesimama ndani ya kijibustani cha maua kisichozidi ukubwa wa meza. Juu limechongwa merikebu ya milingoti mitatu. Chini ya merikebu kuna jina la mtu kwa herufi za Kizungu, na chini ya jina miaka miwili ya zamani sana, imetenganishwa kwa kistari. Halafu Kichina kingi, kidogo kidogo, mpaka chini kabisa. Kiingereza kilikuwepo wakati fulani, lakini kuna mtu alizoea kufungia pale baiskeli yake ya umeme, na mnyororo ulishakwangua mistari yote isipokuwa maneno mawili: nahodha na Uholanzi.

"Ni kaburi," mama wa Mbeya aliniambia siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "La nahodha wa Kizungu. Pita vizuri."

Nikapita vizuri. Ningebisha nini? Jina, miaka miwili, kistari katikati, jiwe limesimama, maua miguuni. Kwetu kitu hicho kina maana moja tu. Wala hakuna aliyeshangaa kwamba kiko njiani, mbele ya duka la soksi, kwa sababu sisi tumekua na makaburi uani. Babu yangu amelala hatua ishirini kutoka jikoni na kuku wanaota jua juu yake. Kwetu maiti kukaa karibu na watu ndiyo heshima yenyewe. Tungeshangaa kama wangempeleka mbali.

Niseme na hili mapema, maana ndilo linalonikera mpaka leo: Kichina changu cha mwaka ule kilikuwa cha sokoni. Nilijua kumwita mwenye duka laoban, nilijua kusema taigui kwa uso wa mtu aliyetukanwa kwa kutajiwa bei kubwa vile, na nilijua kwamba nikiambiwa meiyou basi hakuna, nisipoteze muda. Kusoma kilikuwa kitu kingine. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, huku nikitumaini jiwe linalofuata lipo. Lakini kwa wale wafanyabiashara nilikuwa msomi. Waliniita mwalimu, na mimi, Mungu anisamehe, niliitika.

Mji nao haukunisaidia. Kila wiki walikuwa wamechimba mahali. Barabara niliyopita Ijumaa, Jumatatu nimeikuta imezungushiwa mabati ya bluu na nyuma ya mabati kuna shimo refu kuliko kanisa letu la Morogoro. Kituo cha basi kilihamishwa bila kuaga. Nilikuwa nikiamka nikiwa na uhakika wa mambo matatu, na ikifika jioni limebaki moja.

Ndipo akaja mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama, mzaliwa wa kwanza kwao. Alikuwa na kibanda cha nguo sokoni Morogoro, magauni yanayoning'inia mpaka njiani, ya manjano, ya zambarau, ya kijani kibichi. Yeye mwenyewe alivaa kahawia. Kahawia, nyeusi, na bluu iliyokoza kama wino, miaka kumi na moja. Nilimpokea uwanja wa ndege msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wakati vyumba vyote vya mtaa wa Sanyuanli vimejaa wageni, na nilimtambua kutoka mbali kwa sababu ya kahawia ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huku hawali?"

Usiku wa kwanza nilidhani tutapanga safari ya masoko. Badala yake alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuanza kuchanika kwenye mikunjo. Niliijua ile karatasi. Ukoo mzima uliijua. Mume wake, baba mkubwa wangu, alikuwa mpishi wa meli. Alianza kupika kwenye nyumba ya wageni Dar es Salaam, akapata meli moja, kisha nyingine, na kutoka ile ya tatu ikaja karatasi ya Kiingereza yenye mhuri: aliugua, alifariki, amezikwa bandarini, kusini mwa China. Bandari gani, hawakuandika. Barua zilizopelekwa kwenye anwani ya kampuni hazikujibiwa.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usiweze kurudi, udongo wa kaburi lake ndio unaorudi. Unazikwa kama alivyotakiwa kuzikwa mwenyewe, watu wanalia, wanakula, tanga linaanuliwa, na waliobaki wanaendelea na maisha. Bila udongo hakuna kitu. Bibi, mama mzazi wa baba mkubwa, alikataa katakata tanga lianuliwe juu ya karatasi. "Mimi sikuzaa karatasi," alisema. Kwa hiyo mama mkubwa alibaki si mke, si mjane. Havai rangi. Harusini anakaa jikoni. Na bibi macho yalikuwa yanazima, hali wala halali vizuri, anamngoja mwanawe wa mwisho arudi kwa namna yoyote ile.

"Nguo ni za njiani tu," mama mkubwa aliniambia, akiikunja karatasi. "Mimi nimekuja kumtafuta baba yako."

Nilikasirika. Sijui kwa nini hasira ndiyo inayonijia kwanza kila nikibanwa. Nikamwambia China si Morogoro.

"Bandari ya kusini si ndiyo hii?"

"Bandari ni nyingi, mama."

"Basi tuanze na hii."

Tukaanza. Siku tano. Tuliuliza kwenye ofisi za kago za Sanyuanli, wakatuuliza kontena letu ni la futi ngapi. Tulikwenda bandarini kwa mabasi matatu, mlinzi akatusikiliza kwa adabu, akaniuliza kama tumepotea. Tulimuuliza padri baada ya misa, akasema ataomba. Kote ilikuwa meiyou, na kufikia siku ya tatu mama mkubwa aliijua mwenyewe, hakuhitaji tafsiri. Akawa anaitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo. Hiyo iliniumiza kuliko kama angelia.

Siku ya sita nilimpeleka Shisanhang pamoja na kundi la mama wa Mbeya, angalau arudi na mzigo. Tukafika konani. Kofia zikavuliwa, kimya kikashuka, na mama mkubwa akasimama.

"Nini hapa?"

"Kaburi la nahodha," mama wa Mbeya alimwambia. "Mzungu, wa zamani."

Mama mkubwa aliiangalia merikebu iliyochongwa. Aliangalia kwa muda mrefu, vifurushi vinapita kwenye vitoroli, wasukumaji wanatupigia kelele tutoke njiani. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Wewe unasoma. Imeandikwa nini?"

Niliinama. Naapa nilijitahidi. Nikaona meli. Nikaona nchi ya kigeni. Nikaona neno la watu wa melini, mabaharia. Kati ya maneno hayo matatu kulikuwa na maandishi mengine kama mia mbili, na yote yalinitazama tu. Mama wa Mbeya alikuwa nyuma yangu, na vijana wawili wa Mwanza, wote wakimsubiri mwalimu asome.

"Inamzungumzia nahodha na mabaharia wake," nikasema.

Sikusema kaburi. Sikusema si kaburi. Niliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na nimeyajutia kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

"Na mabaharia wake," mama mkubwa alirudia. Uso wake ulianza kufunguka, na mimi nikauona unavyofunguka, nikanyamaza. "Bandari ni moja. Wageni wa meli wakifa, si wanawekwa pamoja? Nani angewachimbia huku na huku?"

"Ndivyo inavyokuwa," alisema mama wa Mbeya.

Siku tatu baadaye, asubuhi ya kuondoka kwake, tulirudi sisi wawili. Alikuwa na kijiko cha supu alichokiazima kwenye mgahawa na kibati cha majani ya chai chenye picha ya mlima, amekiosha na kukikausha. Alivua viatu. Pale njiani, mbele ya duka la soksi, mama mkubwa alipiga magoti akazungumza na udongo kwa Kiluguru, polepole, kama anavyosemeshwa mtu anayeamshwa. Aliuomba radhi kwa kuchelewa. Aliutajia watoto na wajukuu, mmojammoja. Kisha akachota vijiko saba.

Mfagiaji wa mtaa alikuja mbio na ufagio wake wa mianzi, akidhani tunaiba maua. Nikamweleza kwa Kichina changu kwamba mama anataka udongo tu. Alicheka sana. Akaanza kunieleza kitu kwa Kikantoni, lugha ambayo mimi sikuisoma hata siku moja, akionyesha jiwe, akionyesha upande wa mto, akifanya kwa mikono kama mtu anayeshusha kitu kutoka juu. Nikaitikia kwa kichwa kila alipopumzika. Alipomaliza alikwenda kwenye toroli lake akatuletea mfuko wa plastiki wa kufungia kibati.

Mama mkubwa aliondoka Jumanne. Alhamisi alikuwa ameshafika Morogoro, na mama yangu alinipigia kuniambia tanga linaanuliwa Jumamosi, ng'ombe ameshapatikana, watu wameanza kuingia. Bibi ameoga na kuomba aketishwe nje. Mama alikuwa analia kwa furaha. "Umetutoa mbali, mwanangu," aliniambia, na nilipoweka simu chini nilikumbuka yale maneno yangu matatu.

Nikachukua daftari, nikaenda Shisanhang peke yangu. Nilikaa mbele ya lile jiwe karibu saa nzima nikinakili herufi moja baada ya nyingine, mstari kwa mstari, kama mtoto wa chekechea, nyingine sijui hata zinaanzia wapi. Ijumaa baada ya kipindi nilimpelekea mwalimu wetu wa kusoma, mwanamke mwembamba aliyekuwa anabeba chai yake kwenye chupa ya jemu. Alisoma akifuata kwa kalamu. Alinisahihisha herufi mbili kabla ya kunijibu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwenye kaburi moja, Shisanhang."

Alinitazama. "Kaburi gani?"

"La huyu nahodha."

"Nani atamzika mtu sokoni?" Hakuwa ananicheka, alikuwa haelewi kweli. Kwao makaburi yanapandishwa vilimani, mbali na watu, na yanatembelewa kwa msimu. Kaburi mlangoni mwa duka ni jambo ambalo hata halikumjia akilini. Nikamweleza kwamba kwetu jina na miaka miwili juu ya jiwe ni mtu amelala. Akanionyesha kwa kalamu. Mwaka wa kwanza ni aliofika. Mwaka wa pili ni alioondoka. Alikuja na meli ya Uholanzi, akatia nanga mtoni, akakaa msimu mmoja kwenye nyumba za wafanyabiashara wa kigeni zilizokuwa maeneo yale, akapakia chai na vyombo, akaondoka. Meli haikufika kwao. Yeye na mabaharia wake hawakuonekana tena. Jiwe liliwekwa miaka michache tu iliyopita, mambo ya urafiki wa nchi na nchi, kandokando ya mto, na barabara ilipopanuliwa likahamishiwa pale kwenye kona. Hayo yote yalikuwa yameandikwa, mpaka la kuhamishwa.

"Kwa hiyo chini yake?" niliuliza.

"Chini yake kuna bomba la maji, labda," alisema mwalimu.

Nikaelewa alichokuwa akinieleza mfagiaji kwa mikono. Lori. Jiwe limeshushwa kutoka kwenye lori, na udongo wa maua umekuja na lori hilohilo. Vijiko saba vya udongo uliomwagwa juzi, nao uko Morogoro, na watu wanakuja kuulilia.

Ilikuwa saa kumi jioni Guangzhou, nyumbani bado asubuhi. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu Sanyuanli, maana kadi yangu ilikuwa imeisha, nikakaa kwenye kile kiti kilichochanika. Sikujua nitakachosema. Nikiwaambia, bibi atarudishwa kwenye karatasi yake. Nisipowaambia, mama mkubwa atamzika mume wake kwa kijiko cha samadi ya manispaa, na mimi nitakuwa najua kila nikimwangalia mpaka nife. Nilikuwa bado nalizungusha hilo kichwani simu ikaitika, na aliyepokea akasema "Ngoja, bibi anataka kukusikia," na kabla sijakataa, bibi akaja.

"Mjukuu wangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wamenipa kibati nikishike. Nimelala nacho jana. Kizito, nikakijua." Alikuwa anapumua karibu sana na simu. "Umemrudisha mwanangu. Mungu akurudishe na wewe."

"Asante bibi," nikasema.

Nikaomba nipewe mama mkubwa, nikamwomba atoke nje ya nyumba. Nilisikia masufuria, mtu anagombana kuhusu kuni, kisha upepo.

"Mama, lile jiwe si kaburi."

Sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Ni kumbukumbu tu. Wamemwekea nahodha kwa sababu alifika pale. Hakuna aliyezikwa. Hata jiwe limehamishwa kutoka pengine, na ule udongo umeletwa na lori la maua."

"Si ulisoma? Tukiwa wote pale?"

"Nilisoma maneno matatu, mama."

"Na hukuniambia ni matatu."

"Sikukwambia."

Mwenye kibanda alinionyesha dakika zinazokwenda. Nilingoja mama mkubwa anitukane, ningefarijika. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuuliza bei.

"Na yeye nahodha kazikwa wapi?"

"Haijulikani. Meli yao ilipotea. Na watu wake wote."

"Alikuwa na mke?"

"Hawakuandika."

"Alikuwa naye," alisema. "Na huyo mke alikuwa na mama mkwe. Sijui walimzikia nini huko." Nikamsikia akivuta pumzi. "Nisikilize. Bibi yako jana amelala mpaka kumepambazuka. Mimi umeniambia, nimejua, ni mzigo wangu. Yeye hajui na hatajua. Kesho tunazika."

"Tunazika nini, mama?"

"Tunazika, mwanangu," akasema, na simu ikakatika, sijui ni yeye au ni dakika.

Walizika. Niliambiwa watu walijaa mpaka barabarani, kwaya zilikuwa mbili. Kibati chenye picha ya mlima wa China kiliwekwa kwenye sanduku, sanduku likashushwa kaburini, na bibi alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa Shisanhang nawatafsiria watu bei za fulana. Tulipofika konani wakavua kofia. Sikuwaambia. Nilitaka kuwaambia, nikafungua mdomo kabisa, halafu nikamwona mama wa Mbeya akifanya msalaba wake, nikaufunga. Miezi yote iliyofuata nilikuwa hivyo, sijielewi. Kuna siku niliona tumemdanganya kikongwe kipofu na kumfanyia mzaha mwanawe. Kuna siku niliona sijui hata uongo uko wapi, maana bibi alimlilia mtoto wake na mtoto wake kweli alikuwa amekufa. Nilimkasirikia mama mkubwa kwa kutonigombeza. Nilimkasirikia hata yule Mholanzi, kwa nini aandikwe mwaka wa kufika na kuondoka badala ya kuzaliwa na kufa.

Bibi alifariki kabla ya masika, akiwa amelala. Walimzika ubavuni mwa lile kaburi.

Msimu uliofuata wa maonyesho mama mkubwa alirudi. Amevaa kahawia. Nilimwangalia ile kahawia pale uwanja wa ndege nikajua kwamba tanga lilianuliwa kwa watu wote isipokuwa yeye. Hakusema lolote kuhusu simu ile. Kwenye teksi alinisimulia bei za saruji.

Asubuhi yake aliniambia twende kwa nahodha. Ndivyo alivyosema, twende kwa nahodha, kama ni jirani. Jiwe bado lilikuwepo, ingawa duka la soksi lilikuwa limegeuka kuwa la mikanda na njia nzima ilikuwa na vumbi la saruji. Alivua viatu. Kutoka kwenye mkoba akatoa kopo la maziwa ya unga, akalifungua, na ndani mlikuwa na udongo mwekundu wa nyumbani. Nilijua ulikotoka kabla hajasema.

"Nilichukua wa kwake," alisema. "Nimemletea wa kwetu. Umetoka juu ya kaburi la mume wangu."

"Mama, nahodha hayupo hapa. Nilikwambia."

"Na mume wangu hayupo Morogoro. Na tumemzika." Akaumimina taratibu miguuni pa jiwe, akausambaza kwa kiganja kuzunguka maua. "Huyu naye ana watu walioshindwa kujua waende wapi. Mimi nimefika hapa kwa niaba yao."

Yule mfagiaji alikuwa upande wa pili wa njia. Alitutambua. Alisimama ameuegemea ufagio mpaka mama mkubwa alipovaa viatu, kisha akaja, akauangalia ule udongo mwekundu, akafagia kuuzunguka bila kuugusa.

Nilidhani tumemaliza, tutaenda kwenye mizigo. Tukaingia jengo la magauni, ghorofa ya pili, na mama mkubwa akawa anatembea mbele yangu bila kushika kitu, yeye ambaye huwa anafinya kila kitambaa. Alisimama kwenye duka moja lisilozidi upana wa kitanda. Laoban alikuwa mwanamke aliyechomeka kalamu kwenye nywele, anakula tambi. Mama mkubwa alinyoosha kidole kwenye gauni la manjano.

"Mwambie nataka hilo. Moja."

"Sampuli?"

"Moja."

Nikamwambia laoban. Laoban akatikisa kichwa bila kuacha kula. Hapa ni jumla, hawauzi moja, alisema. Ni pakiti, na pakiti ni tano, saizi moja, rangi moja. Nikambembeleza. Nikatafuta maneno ya kumweleza kwamba huyu mama hanunui kwa ajili ya duka, kwamba ni miaka kumi na miwili sasa, kwamba kuna mtu amezikwa na mwingine hakuzikwa, na nikajikuta nasimama pale kama siku ile kwenye jiwe, nina maneno matatu tu. Safari hii nikasema.

"Mama, nashindwa kumweleza. Kichina changu hakifiki huko. Anasema tano au hakuna."

Mama mkubwa alilitazama lile gauni.

"Basi alete zote tano."

"Utaziuza nyingine?"

"Nitazivaa," alisema. "Siku si zipo?"

Hapakuwa na pazia wala kioo. Alilivaa palepale katikati ya marobota, juu ya ile kahawia, akainua mikono ili nimfunge zipu mgongoni, nikamfunga. Akageuka. Ile kahawia ilichungulia kidogo chini, kwenye pindo.

"Nimependeza?" akaniuliza.

Laoban aliweka tambi chini, akamwangalia kutoka juu mpaka miguuni, akamjibu yeye kwa Kichina, na kwa mara ya kwanza tangu arudi mama mkubwa hakuniuliza amesema nini.